Mvua Iliyopigwa Randa

Tulimzika Deusi mwezi wa saba, wakati ule upepo wa Ufipa unapochuna uso, na kijana aliyesoma wasifu wake pale makaburini hakuwa hata amezaliwa mwaka ninaotaka kuuzungumzia. Alisoma kwa sauti ya redio. Akasema marehemu ndiye baba wa picha za mbao hapa Sumbawanga, kwamba mtindo ule aliubuni mwenyewe, kwa akili zake mwenyewe, bila kufundishwa na mtu. Waombolezaji wakatikisa vichwa kukubali. Katekista naye akatikisa. Mbele kabisa alikaa Oresta na kanga mpya, analia kwa vituo, akipumzika kila msomaji alipomeza mate. Mimi nilisimama nyuma, miguu imekufa ganzi, nikawaza kwamba mwongo anahitaji bahati moja tu: wasikilizaji waliozaliwa baadaye.

Sasa mimi nilizaliwa kabla. Nimeishia darasa la saba, na hilo la saba lenyewe nusu yake niliimalizia kufagia nyumba ya mwalimu, kwa hiyo nitaandika kama ninavyosema, na majina nitayataja. Wanne nawataja: Deusi aliyechora, mzee Kasiano aliyekuwa na chumba, Oresta aliyekuwa rafiki yangu, na bwana Tanabe, Mjapani, ambaye wengine wote wanamsamehe kwa sababu alikuwa mpole. Upole si kitu. Kondoo ni mpole na anakula mahindi yako. Habari za ukoo wangu sitaziweka hapa. Hazikunifundisha kuchonga.

Chumba chenyewe kilikuwa Majengo, nyuma ya mashine ya kusaga ya mzee Kasiano. Unga uliingia kupitia nyufa za dari ukatua juu ya kila kitu, mpaka jioni tukawa na nyusi za wazee. Ilikuwa miaka ile ya ruksa. Kila mtu alikuwa anafungua kitu: kioski, genge la mitumba, saluni yenye kiti kimoja. Mzee Kasiano, ambaye miaka yote alikuwa mtu wa ushirika na mikutano, aliamka asubuhi moja akakuta yeye ni mfanyabiashara, na kwa kuwa mfanyabiashara wa kweli lazima awe mlezi wa kitu, akatulea sisi. Alijifanya mwenyekiti wa kikundi chetu cha nakshi. Alikuwa na saa ya mkononi isiyotembea, na aliitazama kila tulipozungumza.

Tanabe aliletwa Sumbawanga kutengeneza pampu za maji. Pampu zilikuwa hazijafika, na hazikufika, basi akakaa bure, akatengeneza viti vya watu, mpaka siku alipofungua sanduku lake akatutolea kitabu na patasi ndogo ndogo za babu yake, aliyekuwa mchonga mbao za picha huko kwao. Kitabu kilikuwa cha mchoraji mmoja wa Kijapani wa karne ya kumi na tisa. Jina lake Tanabe alilitamka, sisi likatushinda, tukamwita Mzee wa Mvua. Mzee wa Mvua hakuwa na vivuli. Vitu vyake havikuvimba kama watakatifu wa kanisani; vililala bapa, rangi moja ndani ya mstari mmoja, kama nguo iliyoanikwa. Mbingu yake ilikuwa buluu nzito juu kabisa, halafu inafifia ikishuka, mpaka inabaki karatasi tupu. Alipenda kukuwekea kitu kikubwa mbele ya pua, tena kimekatwa na ukingo wa picha, gurudumu, shina la mti, makalio ya farasi, halafu kule nyuma, mbali, watu wadogo wanaenda zao. Nyuso zao hakuzionyesha. Wamejiinamia chini ya kofia za majani, wamebeba mizigo, wanakimbilia ng'ambo ya daraja, na mvua inawachapa. Na mvua yake ilikuwa mistari. Mistari myembamba iliyonyooka, imelala upande, inapita juu ya kila kitu, mto, nyumba, watu. Nilipoiona mara ya kwanza nilicheka, nikasema mvua haiko hivyo. Jioni ile ikanyesha. Nikasimama mlangoni, nikaona iko hivyohivyo.

Tanabe alitueleza pia kwamba huko kwao picha moja ni kazi ya mikono mingi. Mmoja anachora, mwingine anachonga, kila rangi na ubao wake, mwingine anachapa, na mwenye duka anaamua. Anayetajwa ni yule aliyechora. Aliyasema hayo kama mambo mazuri. Katika masomo yote ya Mjapani, hilo ndilo Deusi alilolishika siku hiyohiyo. Akaenda kuchongesha muhuri wa jina lake, mwekundu, hata kabla hajachora kitu cha kugonga muhuri.

Lakini alijua kuchora. Sitasema uongo ili nimdharau zaidi, ukweli unatosha. Mkono wake ulikuwa na Mungu. Moyoni ndiko kulikokuwa na mchwa. Masika yale tulipanda lori la mahindi, yeye, mimi na Oresta, tukaenda Mpui kutafuta picha, na mvua ikatukuta tukiwa chini ya kibaraza cha duka. Mashamba yote yalikuwa matuta ya mviringo, moja baada ya jingine mpaka kilimani, na maji yanakimbia katikati yake. Ndipo akatokea mama mmoja wa Kisukuma akiswaga ng'ombe, na kina mama watatu wa jirani nyuma yake wakitoka shamba. Wote wamejifunika mifuko ya mbolea. Unajua tunavyoikunja: kona moja inaingizwa ndani ya nyingine, inakuwa kofia ndefu yenye ncha, inashuka mpaka mgongoni, na uso hauonekani. Oresta akanifinya. "Skola, ona! Wale wa kwenye kitabu!" Deusi alikuwa ameshatoa penseli. Ng'ombe mmoja alikuja akasimama mbele yetu kabisa, ametugeuzia makalio, na Deusi akayachora hivyohivyo, makubwa, yamekatwa na ukingo, na kule mbele yake wale kina mama wadogo wadogo kwenye mvua, na ng'ombe aliyeongoza amegeuza kichwa. Nikasema kimoyomoyo, huyu mtu ameelewa.

"We kijana, unaandika nini?" yule mama akapaza sauti. "Unahesabu ng'ombe wangu?"

"Nakuchora, mama."

"Unanichora nimelowa hivi? Si ungengoja nioge!" Akatazama juu. "Haya, maliza. Mungu ameshaniogesha."

Jina lake Mama Milembe. Alitukaribisha kwake, akatupa maziwa ya mgando na viazi, tukaanika nguo juu ya moto wake. Ng'ombe aliyeongoza alikuwa na pembe moja iliyoanguka ikaziba jicho. Alituambia anaitwa Serikali, kwa kuwa anaona upande mmoja tu. Tulicheka mpaka Oresta akamwaga maziwa. Tuliporudi dukani kungoja lori, muuza duka akatuuliza, bila hata salamu, "Mmekula kwa yule? Hamjui hao wamekuja juzi na ng'ombe wao wanatumalizia mashamba?" Deusi akajibu haraka, "Tulikimbia mvua tu, mzee." Ningeweza kumjua mtu kwa jibu lile moja. Sikumjua. Nilikuwa na miaka kumi na minane na tumbo limejaa.

Mimi ndiye niliyechonga. Tanabe alijaribu mninga, akaukataa; mti uliomridhisha ni mpera, mgumu, nyuzi zake zimeshikana, mbao zake tukaziunga kwa gundi. Kuchonga mvua ni kuondoa mti pande zote mbili za mstari, mstari ubaki umesimama peke yake kama unywele. Ukikohoa umekatika, na hauungiki. Mashine ya Kasiano ikiwaka meza ilitetemeka, kwa hiyo nilichonga wakati mkanda umekatika, au dizeli imekwisha, au watu wamekwenda kula. Na mwaka ule dizeli haikuisha. Ruksa! Zamani za foleni ningeimaliza mvua ile upesi. Kwenye ruksa ilinichukua masika yote na sehemu ya baridi. Oresta aliandaa rangi. Buluu ilikuwa ya kufulia nguo, akaikoroga na uji wa sembe uliochujwa, akasugua karatasi kwa kibonge cha maganda ya mahindi. Sitamnyima sifa, buluu ile aliifanya ififie vizuri kama pumzi kwenye kioo. Tulitoa nakala tatu kamili. Ya kwanza ilipobanduka kwenye ubao wa mwisho, ambao ni wa mvua, Oresta akaiinua kwenye mwanga. Mpui ilikuwa pale. Ungeweza kusikia.

Nimeishi na picha nyingi tangu hapo, kalenda, mabango, picha za simu za wajukuu, na nikiziangalia naona watu wasioelewa kwamba picha inaweza kuwa na baridi. Ile ilikuwa na baridi. Ndiyo maana naandika.

Siku ya kumwonyesha mwenyekiti kulipikwa. Ugali wa ulezi, maharage, dagaa wa Kirando. Kikundi kilikuwa kimealikwa kwenye maonyesho Dar, na mzee Kasiano alikuwa ameshashonesha suti. Akaitazama picha akiwa na tonge mkononi.

"Hii ni nini?"

"Mvua, mzee," Deusi akasema.

"Mvua naiona. Ya nini?"

Mvua ya nini!

"Nyie watoto," akasema, akatazama saa yake iliyokufa, "mnajua tunavyosemwa huko? Ukitaja tu Sumbawanga, mtu anahama benchi. Wanasema sisi tunatuma radi kama wengine wanavyotuma salamu. Halafu nyie mnawapelekea mvua! Picha nzima! Radi ikipiga Kariakoo wiki hiyohiyo, atajibu nani? Si mimi mwenyekiti?"

"Lakini hakuna radi kwenye picha, mzee."

"Kwani radi hukaa wapi, kabatini?"

Mabwege wa mashineni waliokuwa mlangoni wakacheka, na kicheko kile kilimpa nguvu. Akasema mvua itolewe. Mbingu ibaki buluu, safi, watu waone kwamba Ufipa kuna jua. Nikasema, "Mzee, ukitoa mvua, hawa kina mama watakuwa wamejifunika kwa sababu gani?"

"Baridi. Nani asiyejua kama huku kuna baridi?"

"Kwa baridi hatufuniki uso, mzee."

"Skola," Oresta akanong'ona, "kula maharage."

Nikamwangalia Deusi. Picha ilikuwa yake, muhuri ulikuwa wake, aliichora kwa mkono wake siku ile ya mvua. Akasema, "Mwenyekiti ana hoja." Nikamwangalia Tanabe. Alielewa kila neno, Kiswahili chake kilikuwa cha kutosha kununua mbuzi. Aliinamisha kichwa akaendelea kutoa miiba kwenye dagaa, na dagaa hana miiba ya kutoa. Nakala mbili Kasiano alizichana akazitupa kwenye jiko lililokuwa na sufuria. Ya tatu Tanabe aliikunja akaiweka kwenye begi lake, na wiki hiyo, muda wake ulipokwisha, akaondoka na basi la Mbeya. Alituachia patasi. Alitupungia mkono dirishani kama mtu aliyefanya kazi nzuri.

Wakaenda Dar, Kasiano na Deusi, na picha zisizo na mvua. Waliporudi Deusi alikuwa anasema mambo, poa, mshikaji, kila neno la pili, na viatu vyake vilikuwa na soli nyeupe.

"Wamezigombania, Skola! Wamezigombania!"

"Wamependa nini?"

Akacheka, akakwepa macho. Oresta akambana, ndipo akasema. Mfanyabiashara mmoja wa kalenda alisimama mbele ya picha akauliza, hawa ni nani, wamejifunika nyuso na vichwa vyenye ncha, mchana, jua linawaka? Kabla Deusi hajajibu yule mtu akasoma jina la mahali pale chini, akapiga makofi. Sumbawanga! Basi ni wachawi! Umati mzima ukaangua kicheko, wakasogea kuona wachawi.

"Na wewe ukasemaje?"

"Ningesemaje? Mteja ameshafurahi."

"Mzee Kasiano je?"

"Mzee alicheka kuliko wote."

Hebu fikiria. Mtu aliyeiogopa mvua asije akaitwa mchawi, akatoa mvua, akawafanya kina mama wanne kuwa wachawi, halafu akacheka kuliko wote. Na mtu huyo kuna mtaa watu wanauita kwa jina lake hadi leo. Mimi huzunguka. Afadhali nitembee mbali kuliko kukanyaga jina lile.

Kalenda zilifika mwezi wa kumi na moja, zimejaa kwenye basi. Picha yetu juu, na chini maneno mekundu, WACHAWI WA SUMBAWANGA, halafu miezi. Zikaning'inizwa kila duka, mpaka Mpui. Nyuso hazikuonekana, lakini Serikali alionekana. Pembe iliyoanguka ikaziba jicho, nani Mpui asiyemjua ng'ombe yule? Na anayemswaga ni nani? Wale kina mama watatu walikuwa wenyeji, wana shemeji na wajomba wa kuwatetea, wakasema wao si wao. Akabaki mmoja. Maziwa yake yakakosa mnunuzi. Muuza duka, yuleyule, akawa anamwekea chumvi chini, hampi mkononi. Kisha zizi lake likachomwa moto, mchana, watu wakiangalia. Hayo Deusi aliyajua, dereva wa lori alimweleza mbele yangu. Akasema, "Washamba wale," akaendelea kuchora bundi.

Ndiyo, bundi. Mfanyabiashara wa kalenda aliagiza picha nyingine kwa mwaka utakaofuata, ileile, lakini mbinguni awepo bundi, mkubwa, wa mbele kabisa, amekatwa na ukingo. Walau hilo la Mzee wa Mvua walilikumbuka. Ubao wa mpera ulitakiwa, na mpera mpana hatukuwa nao. "Si kuna ule wa mvua umekaa bure?" Deusi akasema. Niliukalia. Sisemi kwa mfano, niliuweka kwenye kiti nikaukalia, asubuhi nzima. Nikamwambia Oresta, "Wewe ulikunywa maziwa ya yule mama." Akanijibu, "Niliyamwaga, hukumbuki?" na akacheka, akitaka na mimi nicheke. Nilipotoka kwenda chooni akauchukua. Niliporudi alikuwa amekwisha kuupiga randa, anaimba wimbo wa kwaya, na pale chini, kwenye maranda, mvua ya masika yote imejikunja vipande vidogo, kila kimoja na ubuluu kidogo.

Bado maranda yalikuwa chini siku iliyofuata Mama Milembe alipokuja. Mvua ilikuwa inanyesha kweli, ile ya Desemba isiyopumua, na foleni ya kusaga ilikuwa imejibana ndani. Akasimama mlangoni amejifunika mfuko wa mbolea, ncha juu, uso hauonekani, maji yanamtiririka. Watu walirudi nyuma kama mtu mmoja. Mwanamke mmoja akamvuta mtoto wake kwenye sketi. Mama Milembe akavua mfuko, akaukung'uta nje kwa adabu ili asilowanishe unga wa watu, akasema, "Shikamoo baba," kwa Kasiano. Kasiano akatazama saa.

Aliniita mimi. Akasema mwenyekiti wa kijiji anataka yeye na familia yake wahame, ila yuko tayari kuwasikiliza mbele ya watu wote, na yeye amekumbuka kwamba siku ile tulipomchora mvua ilikuwa inanyesha. Kwa hiyo amekuja kuomba picha yenye mvua. Akawaonyeshe.

"Deusi," nikasema, "mpe."

Deusi akamtolea ileile ya kalenda, nakala kubwa. Hakuwa na nyingine, na alijua hana. Mama Milembe akaishika kwa ncha za vidole. Akamgusa Serikali. Akajigusa mwenyewe.

"Mvua yangu iko wapi?"

Mashine ilikuwa imezimwa, tukasikia bati.

"Siku ile ilininyeshea mpaka kwenye mifupa," akasema. "Hapa nimejifunika bure. Hata mimi ningemwogopa mtu huyu."

"Ilikuwepo, mama," nikasema. "Niliichonga mwenyewe. Ngoja." Nikamnyang'anya Oresta chupa ya wino, nikachukua rula na kipande cha mwanzi, nikalaza picha juu ya meza, nikaanza kupiga mistari, kutoka juu upande wa kulia mpaka chini. Mkono wangu ulijua kuondoa, haukujua kuweka. Wino ulikuwa mzito, mstari wa kwanza ukavimba, wa pili ukavuja kwenye buluu. Niliendelea. Nilipiga mpaka picha ikajaa, na Deusi nyuma yangu anasema, "Unaharibu, Skola, unaharibu nakala," na mabwege wa mashineni wananichekelea. Nikampa ikiwa bado mbichi.

Mama Milembe aliisogeza mlangoni kwenye mwanga. Aliangalia picha, akaangalia nje, akaangalia picha. Hakuwa na hasira. Nilitamani angekuwa nayo.

"Hii si mvua, mwanangu," akasema. "Hizi ni fito za zizi."

Akanirudishia, akakunja kona ya mfuko ndani ya kona nyingine, akajifunika, akatoka. Kabla ya mwaka mpya walikuwa wameteremka bondeni na ng'ombe waliobaki, wengine wanasema Kaoze, wengine Ilemba. Siku ile, alipotoka tu, watu wakapishana mlangoni kurudi kwenye nafasi zao za foleni, na mzee Kasiano akawasha mashine.